Karibu Iliyoingia Kwenye Santuri

Sitara, umekimbilia wapi?

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kilikuwa kinagongagonga jikoni, na mimi bibi mzima nikakifuata kwa vidole mezani. Nikajiona mpiga jazi!

Piano ya sebuleni sijaigusa tangu nilipoanza kulea, leo narekodi peke yangu! Fundi wa santuri, Hashil, kaleta mashine yake kutoka Kariakoo, na sahani ya nta ya kurekodia imebaki moja tu. Kaniambia, "Bibi, usiseme hata neno."

Nikapiga vizuri, shoga. Vizuri kabisa! Nakaribia mwisho, wewe mlangoni: "Hodi!"

Na mimi? "Karibu mwenzangu, pita ndani!" Kwa sauti yote! Mikono haikusimama, mdomo ndio ulionishinda. Pita ndani, kwenye santuri!

Nilipogeuka ulishaiona mashine, ukakimbia kwa aibu. Nikamwambia Hashil, "Nimeiharibu." Akacheka mpaka akajifuta macho. "Bibi, tunaiacha hivyo hivyo. Atakayeinunua naye atajiona kakaribishwa."

Basi aibu ya nini? Aliyeitikia ni mimi. Rudi kesho, shoga yangu, na hodi upige ile ile.