Bibi Amesimama, Sifa Napewa Mimi

Shangazi Ruaa, shikamoo. Msaada wako nauhitaji sana, ila kwanza ujue unaandikiwa na nani: mimi ndiye Sixbert wa Ipuli, kifua changu hakipiti mlangoni kwetu mpaka niingie kwa ubavu, mbwa wa mtaani wakiniona wanajifunga wenyewe, na shule niliacha kidato cha pili kwa huruma tu, maana nilikuwa namaliza madawati.

Uani nina vyuma vyangu, yaani bomba na makopo mawili ya rangi niliyoyajaza zege, na nilikuwa nanyanyua kila siku ya Mungu bila kupumzika, kwa sababu babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo, nikajua mtu wa damu yetu hapumziki, tena anabebea bega moja tu, la kulia. Fundi Majid aliponipima shati alinizunguka mara mbili, akaniuliza, "Hili bega ni lako, na hilo lingine umeazima kwa nani?" Nikamwambia ana wivu.

Sasa sikiliza. Bibi yangu Consolatha, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Mwezi wa pili aliteleza bafuni, hakuvunjika mfupa ila miguu ikagoma, tukampeleka hospitali, na siku ya kuruhusiwa dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanipa mimi karatasi yenye picha: bibi akae kwenye kiti asimame, akae asimame, anyanyue vitu vyenye uzito kidogo, aongeze kila wiki. Nikacheka. Bibi wa miaka sabini na nne anyanyue vyuma? Kwetu kila mtu anajua mzee akibeba uzito mifupa inakatika kama muwa, na mwanamke akijaza misuli anaota ndevu. Basi bibi akalala miezi miwili na nusu, mapaja yakaisha, dada yangu Paskazia akawa anambeba hadi chooni.

Tulipomrudisha kliniki yule mtaalamu alinivuta pembeni, bibi asisikie. "Mbona amekwisha hivi? Mazoezi mnafanya?"

"Ile karatasi ilinyeshewa mvua, dada."

"Kijana, mzee akilala tu misuli inapungua kila siku. Yeye anahitaji uzito kuliko wewe na hicho kifua chako."

Akanionyesha upya, moja baada ya jingine, akasema afanye leo, kesho apumzike, kwa sababu misuli hujijenga mtu akipumzika. Nikaona ananitania, ila nikajaribu. Siku ya kwanza bibi alisimama mara mbili akanitukana mara saba. Nikampa chupa za maji anyanyue, akakataa, akasema yeye si wa kunyanyua maji, aletewe asali, basi tukaanza na chupa mbili za asali za nusu kilo. Wiki ya nne zikawa za kilo. Mama Kabula, jirani yetu, akachungulia uani akauliza, "Consolatha, huogopi ndevu?" Bibi akajibu bila kushusha mikono, "Zikiota nitakuwa mume mimi, huyu mume wangu Sixbert apike."

Wiki ya kumi na moja, Shangazi, Jumapili asubuhi, bibi aliinuka kitini bila kushika kitu, akajifunga kanga, akatembea kwa miguu yake mpaka kanisani! Mimi nyuma nimebeba kiti kichwani, akichoka akae. Hakukigusa. Watu walipiga vigelegele kabla Misa haijaanza. Leo nina bibi watano wanakuja uani Jumanne na Alhamisi, wananiita Kocha, na Jumapili ya mwisho wa mwezi bibi atatoa shukrani, jogoo ameshamnunua, atapewa kipaza sauti aseme mbele ya parokia nzima kwamba mjukuu wake ndiye aliyemwinua.

Hapo ndipo silali. Shangazi, karatasi haikunyeshewa na mvua yoyote. Niliichana kwenye bajaji siku ileile, nikamwambia bibi daktari amekataza asisimame, na akaamini kwa kuwa mimi ndiye mwenye misuli. Alikuwa ananiomba, "Mume wangu, nisimamishe kidogo tu," nikamlaza tena. Mpaka akaacha kuomba. Nimwambie, au nipokee sifa, maana hizo wiki kumi na moja nimezifanyia kazi kweli? Tafadhali usiseme nimwambie.

Sixbert, Ipuli

SHANGAZI RUAA ANAJIBU

Marahaba, Sixbert. Nimecheka mpaka ulipofika kwenye kipaza sauti cha kanisani, baada ya hapo sikucheka tena.

Kwanza tusafishe uani kwako, maana wenzako wengi wanasoma hapa. Wapagazi walipumzika, mwanangu. Misafara ilitua mizigo kwenye vituo vya njiani kama Tura, watu wakapika, wakalala, na bega likichoka walihamisha mzigo. Misuli yako inataka chakula, usingizi na siku ya mapumziko, na bega la kushoto nalo umezaliwa nalo. Mwanamke haoti ndevu kwa kunyanyua uzito. Mzee akianza taratibu, kwa maelekezo ya mtaalamu, anapata nguvu, na hilo umelishuhudia kwa macho yako. Hao bibi watano wapeleke kliniki wapimwe kabla hujawagusa tena, Kocha.

Sasa lako. Kutojua nakusamehe, umedanganywa kama mtaa mzima. Lakini ulimlaza mtu mzima aliyekuwa anaomba kusimama, ukamtungia daktari maneno, na ukaona mapaja yake yanaisha ukanyamaza. Hilo siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Wiki kumi na moja ni zako, hakuna wa kukunyang'anya, nami nakupongeza kwa moyo mweupe. Ila huyo bibi anataka kushukuru mbele ya Mungu, na wewe unataka ashukuru kwa habari nusu?

Mwambie Alhamisi hii, wenzake wakishaondoka. Usimtume Paskazia, usingoje Jumapili. Taja karatasi, taja bajaji, taja maneno uliyoyatunga. Usiweke "ila" popote, wala usianze kumkumbusha chupa za asali. Ukimaliza, funga mdomo, yeye ndiye aamue atasema nini kanisani. Na akiinuka kitini kuja kukuzaba kibao, usimsaidie kuinuka, wala usikwepe.