Achari Yenye Uwatu

Dada Zuhura,

Assalamu alaykum. Kabla hujaendelea, tazama nyuma yako. Kama Shabani yuko hapo barazani, ikunje barua hii uifunge kwenye pindo la khanga, ukaisome chooni. Sitanii.

Natumai imekukuta mzima, wewe na watoto na Mama. Mguu wa Mama vipi? Uvimbe umeshuka kweli, au anawaambia watu tu kwamba umeshuka? Mimi sijambo, mwili hauna neno, ila akili haijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu kama watu wa zamani na huku simu ninayo mfukoni. Simu yako siiamini tena. Nikipiga anapokea Shabani. Sauti ninazokutumia, nadhani zinasikilizwa kabla hazijakufikia. Huyu mtoto wa Bamdogo alikuja kukaa kwa Mama wiki moja, sasa mahindi yameoteshwa na kuvunwa bado yupo. Anatafuta nini? Basi barua hii anakuja nayo Bi Asha wa Pongwe, yule anayelea watoto huku Uarabuni, Al Rayyan, anakuja likizo. Bahasha nimeibandika kwa gundi, na juu ya gundi nimetia sahihi. Ukiona sahihi imekatika, muulize hata Bi Asha mwenyewe.

Kazini ni kulekule, geti la kampaundi huku Al Thumama. Ndege zinapita juu ya vichwa vyetu mpaka tumeacha kuzitazama, na upande wa pili wanajenga uwanja wa mpira, vumbi lao lote linakuja kulala kwenye meza yetu. Joto sina haja ya kukuhadithia. Kazi yangu ni maswali tu. Gari likisimama nauliza: unakwenda kwa nani? Amekuita nani? Anajua kama unakuja? Hata mleta maji, ninayemjua mpaka jina la mkewe, namuuliza. Mudiri, mkubwa wetu wa kazi, anasema mimi ndiye mlinzi asiyemwamini mtu, na anasema kwa kunisifu. Sasa sikiliza aibu yangu.

Unamkumbuka Mwinjuma niliyekutajia, dereva wa nyumba moja kule Al Wukair, Mtanga mwenzetu? Miezi hii ananichukua kila Ijumaa baada ya swala. Chumbani kwake anapika pilau, Dada, pilau ya nyama yenye viazi vilivyobadilika rangi, kama ya harusini kwetu. Tunakaa mkekani, tunakula kwa mkono, na kwa muda ule nasahau kwamba niko Uarabuni. Na kila mara kuna kitu cha nyumbani pembeni: mara samaki wa ng'onda, mara visheti, mara achari ya ndimu ndani ya chupa ya asali, ambayo nilipewa niende nayo chumbani kwangu.

Siku ya kwanza alisema tu, "Mzigo wako huu, umeletwa na msafiri. Kula, bwana, acha maneno."

Nami nikala. Wewe ulishaniambia mwezi wa Ramadhani kwamba unatafuta msafiri wa kuniletea vitu, nikajua ni nyinyi. Na si adabu mgeni kuinua tonge na kuuliza limegharamiwa na nani, ndivyo Mama alivyotulea. Nikakutumia sauti ya kushukuru. Ukanijibu kwa moyo mwekundu, basi, bila neno. Nauliza leo: ule moyo uliutuma wewe?

Sasa ile Ijumaa ya mwisho nilikuwa nimechoka, tumepewa zamu mfululizo, na nilipoonja zile ng'onda machozi yalinitoka. Mwinjuma akachukua simu yake. "Mshukuru basi aliyekutumia," akaniambia. "Sema kwa sauti yako, nitampelekea." Akainyoosha mpaka mdomoni pangu. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote: "Aliyenitumia haya, nimekula nimeshiba. Anitake lolote, nitafanya, wallahi." Nilikuwa nataka kuongeza, Mama, nimekukumbuka. Lakini alikuwa ameshatoa kidole. Nikadhani ni haraka zake.

Kesho yake nilikuwa zamu ya mchana na Dili. Huyu ni Mnepali, dini yake Mhindu, mtu mpole, tunasikilizana kwa Kiingereza chetu cha getini na Kiarabu cha kuokoteza. Kwa siku kadhaa alikuwa ananisimulia hadithi yao ndefu ya dini, ya koo mbili za ndugu, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, waliogombea ufalme mpaka wakaamua kupigana. Alikuwa amefika mahali wafalme wanakusanyika. Anachukua kadi za wageni, zile nyekundu za mafundi anaziweka kushoto, ndio upande wenye nguvu, na za kijani kulia, ndio walionyang'anywa haki yao. Kila mfalme anakuja na tembo na farasi na vumbi lake, na kila mmoja anaulizwa uko upande gani. Mmoja anakuja kwa udugu. Mwingine anakuja kwa sababu wale ndio waliomwalika kwanza. Kuna mwingine alifika na majigambo mengi hivi kwamba upande huu ukamwambia hatukuhitaji, akaenda upande wa pili nao wakamwambia vivyo hivyo, akarudi kwao na jeshi lake. Hapo nilicheka nikamkumbuka Mjomba Kibwana.

"Halafu kuna huyu," Dili akasema, akatoa kadi moja ya kijani. Mfalme, mjomba wa wale walionyang'anywa haki. Ametoka kwake na jeshi zima kwenda kuwasaidia wapwa zake. Njia ni ndefu. Kila anapochoka anakuta vibanda vimejengwa, kivuli, maji ya baridi, vyakula, wapiga ngoma. Anakula, anaendelea. Mbele tena anakuta vingine. Moyo ukamjaa, akasema, wapwa zangu wananipenda hivi? Leteni waliotengeneza haya, nitawapa zawadi yoyote watakayo.

"Akatokea nani?" nikamuuliza.

Dili akaichukua ile kadi ya kijani taratibu, akaivusha, akaiweka juu ya zile nyekundu. "Adui," akasema. "Vibanda vyote vilikuwa vyake. Akamwambia, zawadi ninayotaka ni wewe na jeshi lako. Na mfalme alikuwa ameshasema."

Nikamwambia huyo mfalme ni mjinga, anakulaje njia nzima bila kuuliza. Dili akacheka. Mimi kicheko kikanikauka katikati, Dada, kwa sababu gari lilisimama nje, nikafungua dirisha nikauliza kama kawaida, umetumwa na nani, na swali lile likanirudia mwenyewe.

Nilipofika chumbani nilitoa ile chupa ya achari chini ya kitanda. Nikaonja, safari hii si kwa njaa. Ina uwatu. Tena mwingi. Mama hajatia uwatu kwenye achari tangu nizaliwe, anasema unaharibu ndimu. Mtu mmoja tu katika ukoo wetu anatia uwatu kwenye kila kitu, tangu alipomzaa Shabani akanyweshwa uji wa uwatu: Mama mdogo Mwanaidi. Nilikaa na kijiko mkononi, nikajiona mpumbavu, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa moto.

Sikuwa na haja ya kungoja sana. Siku mbili mbele Bamdogo akapiga mwenyewe, yeye ambaye tangu tumzike Baba hajawahi kunitumia hata salamu.

"Mwanangu Hemedi! Umeshiba?"

"Nimeshiba, Bamdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti yako nimeipata, nimewasikilizisha na wazee wa Korogwe. Umesema nikutake lolote, na umeapa. Basi sitaki kitu. Nataka neno lako tu, siku ukoo utakapokaa kikao cha ile nyumba ya baba yako."

Na neno lenyewe unalijua. Kwetu mtoto wa kiume wa marehemu ndiye anayefungua mazungumzo, hata akiwa mbali. Akishafungua, wazee hawapendi kumrudisha nyuma. Nikisema nyumba iuzwe, itauzwa, na yule mtu anayeitaka atajenga gesti yake hapo barabarani, na Mama, na mguu ule, atahamishiwa chumba cha uani kwa Bamdogo akale kwa kuhesabiwa. Hicho ndicho nilichokula kule Al Wukair, Dada. Nimekula nyumba ya Mama tonge kwa tonge.

Nikamwambia, "Nimesikia, Bamdogo." Akacheka, akanitakia usiku mwema.

Mwinjuma nilimkabili. Nilimsimamisha hapo hapo getini kwangu alipokuja kunichukua Ijumaa, nikamuuliza kama ninavyouliza mafundi: umetumwa na nani? Akatazama usukani. Akasema, "Hemedi, mzee alinipigia, akasema mtoto wangu yuko peke yake huko, mpikie, vya kwetu nitaleta. Mimi ningekataaje?" Sijui kama anasema kweli. Labda na yeye alilishwa kwa njia yake. Sikupanda gari.

Najua utaniambia kiapo kina kafara, nifunge siku zangu niachane nacho. Ningeweza. Lakini Bamdogo ataicheza ile sauti mbele ya ukoo mzima, na mimi nitaonekana mtu wa kula na kukana, na neno langu la kumtetea Mama halitakuwa na uzito tena. Hapo ndipo nilipomrudia Dili nikamuuliza yule mfalme alifanyaje. Akasema alikwenda kwa wapwa zake akawaeleza ukweli, uso chini. Hawakumtukana. Mkubwa wao alimwambia timiza ahadi yako, mjomba, lakini siku watakapokukabidhi kuendesha gari la vita la shujaa wao mkuu, ongea naye. Ongea mpaka moyo wake upungue.

Basi na mimi nitaongea. Sikiliza vizuri, hili ndilo nililoandikia barua yote. Siku ya kikao simu iwe yako, si ya Shabani, na uiweke katikati ya mkeka na sauti mpaka mwisho. Nitafungua mazungumzo upande wa Bamdogo, kama nilivyoapa. Nitasema, wazee wangu, mimi niko na Bamdogo, kwa sababu amenilisha. Nitamshukuru kwa pilau, na viazi vyake. Nitamshukuru kwa ng'onda, kwa visheti, nitaeleza vilifika lini na nani aliviandaa na namna simu ilivyoletwa mdomoni pangu tonge halijashuka. Sitatia neno la ubaya hata moja. Kisha nitawaomba wenzangu wa upande wetu nao wasione haya, washukuru. Mjomba Kibwana ashukuru kwa yule mbuzi aliyepewa na Bamdogo. Wazee wa Korogwe washukuru kwa baiskeli alizowanunulia. Mmoja mmoja, mbele ya Mama aliyekaa pale na mguu wake. Tukimaliza kushukuru, ndiyo Bamdogo aseme sasa anachotaka.

Sijui kama itatosha. Wazee wengine hawana haya tena. Lakini mwambie Mama mapema, kwa mdomo, mkiwa wawili tu, kwamba akinisikia naanza kwa kumsifu Bamdogo asilie na asinyanyuke. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba atadhani mwanawe wa pekee wa kiume amemuuza. Mshike mkono wakati naongea.

Na sasa wewe. Nimeandika hili mwishoni kwa sababu nilikuwa naliogopa. Mwezi uliopita ulinitumia picha ya watoto wakila jikoni, na juu yao kuna mabati mapya. Nikafurahi, nikasema shemeji amepata kazi. Juzi nimeitazama tena. Shemeji hajapata kazi. Dada, mimi sikushtaki, nina haki gani ya kukushtaki, mimi niliyekula mpaka nikaapa? Lakini ingia jikoni, inua macho, ujiulize lile swali nililopaswa kuuliza mimi. Na kama jibu ni hilo ninaloliogopa, basi siku hiyo ushukuru baada yangu, kwa sauti, ili Mama asikie tumesema wenyewe.

Nisalimie shangazi yetu wa Pangani, mwambie dawa ya macho nitamtafutia. Nisalimie shemeji, na mwalimu wangu wa chuoni, na jirani yetu muuza vitumbua, yule ambaye akikupa kitumbua anakuambia hapo hapo bei yake. Watoto wabusu. Mama mpe mkono wangu wa kulia. Shabani usimsalimie, atajua nimeandika.

Ni mimi mdogo wako asiyemwamini mtu, isipokuwa wewe, nikipata jibu,

Hemedi

Nimesahau: ile chupa ya achari nilitaka kuitupa siku ileile. Sikuitupa. Nimeimaliza yote, Dada, na nimelamba kijiko, kwa sababu Mama mdogo Mwanaidi anajua kupika, na huku ni mbali. Nayo nitaitaja kikaoni.