Tairi Fupi na Magoti ya Mama

Jumapili, alasiri. Korogwe. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, jua limetoka, na mimi nimekaa mkekani kwa mama mdogo nikicheka peke yangu kama mwehu.

Pikapu haiuzwi!

Wiki nzima nilikuwa najiandaa kuachana nayo. Ndiyo ninayobebea mihogo na mahindi kutoka Mkata, ndiyo kazi yangu. Mimi dereva, Baba Zuhura, mume wangu, mpakiaji. Lakini tangu masika, tukishika lami tu, injini inalia kama inachinjwa. Inakunywa mafuta, inamaliza oili, na mshale wa spidi unasoma mia huku mabasi yananipita kama nimeegesha. Nikasema basi, injini imekwisha. Mimi nikishaamua nimeamua, ndivyo nilivyo. Nikatafuta mnunuzi Korogwe.

Kitu kimoja kilinitatiza. Vilimani gari lilikuwa na nguvu kuliko zamani. Injini iliyokufa inapandaje mlima na magunia? Sikulifuatilia. Nikiwa na hasira huwa siulizi.

Ijumaa tukaondoka kwenda kulikabidhi. Mama yangu mzazi alikuwemo, anakuja kumwona mdogo wake huku Korogwe. Njia nzima nilikuwa namung'unya machozi. Kufika Kabuku, pancha ya nyuma.

Baba Zuhura akatoa spea tairi, ambayo hatujawahi kuigusa tangu tununue gari. Akaifunga, akashusha jeki.

Gari likainama.

Haki ya Mungu, likainama! Upande wa spea juu, upande wa pili chini, na mama ndani anauliza kama tumeingia mtaroni.

Nikachuchumaa kusoma namba zilizoandikwa ubavuni. Spea ndiyo ilikuwa saizi halisi ya gari hili. Yale mengine yalikuwa mafupi kuliko spea kwa karibu upana wa kiganja. Hapo hapo kichwa kikafunguka. Tairi fupi likizunguka mara moja linasogea kidogo, kwa hiyo kwa mwendo ule ule lazima lizunguke mara nyingi zaidi, na injini nayo izunguke nalo. Kwenye vumbi, mwendo wa polepole, husikii kitu, tena kilima unakipanda vizuri. Ila kwenye lami, injini iliyotakiwa kwenda kwa matembezi inakimbizwa mbio toka Mkata hadi Korogwe bila kupumzika. Itaachaje kuchemka na kulika? Na ule mshale wa spidi unahesabu mizunguko ya tairi, barabara hauijui. Mia yake haikuwa mia. Ndiyo maana mabasi yalikuwa yananidhalilisha.

Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Tulikuwa tunaichosha.

"Nani kabadilisha matairi ya gari langu?" Nilipaza sauti, wauza machungwa wote wakageuka.

Mume wangu akanivuta nyuma ya gari. "Mama Zuhura, taratibu. Mama atasikia."

Akaniambia yote kwa sauti ya chini. Wakati wa masika, nilipolazwa na malaria, mama alitaka aje anione, na Baba Zuhura ndiye aendeshe. Gari liko juu, magoti yake hayakunjiki. Na kwetu mkwe hamshiki mama mkwe hata mkono, sembuse kumkamata kiunoni ampandishe! Wakaitwa vijana wa jirani. Mama akakataa katakata, akasema hapakiwi kama gunia la mihogo. Akarudi ndani, na siku ile hakuja hospitali. Nakumbuka nilimsubiri nikanuna.

Kesho yake Baba Zuhura akatafuta matairi mafupi ya mtumba. Hakuniambia, kwa sababu kuyataja magoti ya mama mkwe mbele ya binti yake aliona ni kukosa adabu.

"Kumwinua mama siwezi," akasema, anaangalia chini. "Nikaona nilishushe gari."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kugomba. Nikalia pale pale Kabuku mbele ya wauza machungwa, na wala sioni haya kuandika.

Nikampigia mnunuzi. Akashangaa, "Dada, si ulisema injini imekufa?" Nikamwambia imefufuka, kaka, naomba unisamehe sana. Tukageuza, tukarudi Mkata mwendo wa konokono, gari limeinama vile vile.

Matairi yetu ya zamani yalikuwa nyuma ya jiko, kuku anaatamia ndani ya moja. Nimemhamishia kikapuni na mayai yake, na amenidonoa kisawasawa. Jana tukayafunga yote.

Leo asubuhi, kabla ya safari, nimechukua kigoda cha jikoni. Baba Zuhura akakipokea, akakiweka chini ya mlango wa gari, kisha akageuka kutazama mihogo ya jirani kana kwamba hajawahi kuona mihogo maishani. Mama akakanyaga kigoda, akashika mlango, akapanda mwenyewe na heshima zake zote.

Jamani, raha! Tumepita Segera mshale wa spidi umetulia, injini inanong'ona, usukani hautetemeki. Nimeimba mpaka sauti imekauka. Mama alikuwa amesinzia kando yangu, Baba Zuhura yuko nyuma kwenye bodi, karibu na dirisha. Ghafla akashtuka, akakaza macho mbele.

"Mbona mmezima gari?"

Baba Zuhura, ambaye tangu anioe hajacheka hata siku moja mbele ya mama mkwe wake, akaangua kicheko. Akajiziba mdomo haraka, kajaa aibu.

Mama wala hakumgeukia. "Cheka tu, baba," akasema. "Magoti yangu umeyashushia gari zima, meno yako unanificha ya nini?"

Kumbe alijua siku zote.

Kesho tunarudi Mkata. Kigoda hakitoki tena garini.