Kikwembe cha Nsimire

Lundi, 3 Machi 1975
Asubuhi tena. Nimemufunga mutoto wangu Nsimire kikwembe, yeye amesimama tu, mikono juu, kama bibi arusi. Iko na miaka kumi na tano. Akili yake inakwenda pole pole. Mutoto wa tumboni atazaliwa mwisho wa mwezi. Mama yangu, anayekaa Kasha, atakaa naye nikienda kuzaa maternite, lakini vidole vyake vimevimba, hawezi kufunga kitu. Nsimire asipojifunza kujifunga mwenyewe, ataenda Sange kwa shangazi yake. Yule humufungia ndani. Sitaki.

Mercredi, 5 Machi
Nimemuuliza Masera, mutawa anayefundisha watoto kama Nsimire. Amesema nishike mikono yake, tuzungushe kitambaa pamoja, tuchomeke pembe pamoja. Siku zinazofuata nimuguse kiwiko tu. Halafu nionyeshe kwa kidole. Halafu basi, nimuache afanye mwenyewe. Akifaulu, nimusifu palepale.

Samedi, 8 Machi
Kimeanguka mara kumi na mbili. Amecheka mara zote. Mimi pia, mpaka tumbo likauma.

Jeudi, 13 Machi
Kiwiko kinatosha! Nakigusa, anazungusha. Papa yake amepiga makofi, mudomo umejaa bugali.

Mardi, 18 Machi
Vibaya. Nisipomugusa, hafanyi kitu. Ananitazama. Nilikuwa nachelewa soko ya Nyawera, nikamufunga mwenyewe, kwa hasira. Haya imenishika njia nzima. Jioni Masera akaniambia: “Maman, mwenye haraka ni wewe. Hesabu mpaka kumi kwanza.”
Nimemukasirikia. Anasema kweli.

Mercredi, 19 Machi
Nimekalia mikono yangu. Kuhesabu ni kazi ngumu kuliko kulima. Nilipofika tisa, akashika pembe ya kitambaa. Akazunguka mwenyewe. Fundo limelegea, lakini ni lake.

Lundi, 24 Machi
Uchungu umeanza mapema. Mama amefika. Nsimire amesimama na shimizi, kikwembe mukononi. Nilitaka kumufunga mara ya mwisho. Mama akasema, “Acha. Enda.” Papa yake iko mulangoni na mufuko. Nikaanza kuhesabu. Kwa sita uchungu ukanikata, wakanitoa nje. Sikuona.

Mercredi, 26 Machi
Mutoto musichana. Analala vizuri. Mvua imepita.
Mama na Nsimire walikuja kutuona. Kikwembe kimegeuzwa, maua iko ndani, fundo iko karibu na kwapa. Mama alisema hajamugusa, hata leo, hata jana.
Walirudi kwa miguu. Niliwafuata kwa macho, dirishani, mpaka kona ya barabara. Hakikuanguka.