Kioo cha Mwisho cha Mwalimu Isihaka

KIKUNDI CHA SAYANSI MTAANI, NACHINGWEA
Kikao cha Jumamosi, 20 Novemba 2004, stoo ya marehemu Mwalimu Isihaka.

Mwandishi ni Faridi, katibu ambaye Nachingwea nzima haina wa kumfikia, na Ruangwa wasijisumbue kutafuta. Kidato cha pili niliacha mwenyewe. Shule ilishaishiwa vya kunifundisha.

Waliohudhuria: Teodosia (Mwenyekiti), Shaibu (mtunza ufunguo), Faridi (Katibu). Mwalikwa: Mama Sikuzani, mjane wa Mwalimu.
Asiyehudhuria: Emmanuel, yuko Chunyu kwenye korosho. Hakuaga.

KUMB. NA. 1/2004: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 9:40 alasiri badala ya saa 9:00, kwa kuwa aliyechelewa ni Mwenyekiti. Wajumbe walisimama kumkumbuka Mwalimu, aliyefariki siku arobaini zilizopita.

KUMB. NA. 2/2004: KOPO
Mwenyekiti alimweleza Mama kwamba Mwalimu alichanganya dawa ya silikoni, maji na spiriti kwenye kopo. Kila chembe ya dawa hiyo ni nusu mchanga, nusu mafuta. Upande wa mchanga hushikana, upande wa mafuta hukimbia maji, mpaka chembe zinajipanga zenyewe tabaka kwa tabaka. Ikiganda hukaushwa kivulini miezi miwili, kifuniko kikiwa na tundu moja la sindano, ndipo inakuwa kioo. Shaibu alikumbusha kwamba Mwalimu alizoea kusema, "Zinajipanga bila mwenyekiti." Mwenyekiti hakucheka.

KUMB. NA. 3/2004: OMBI LA MAMA
Mama aliomba apewe kioo hicho, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho kupita mikononi mwa mumewe. Kopo lilifunguliwa. Ndani mlikuwa na vipande vidogo kama chumvi ya mawe. Mama aliuliza, "Ndicho hiki, wanangu?"

KUMB. NA. 4/2004: LAWAMA
Mwenyekiti alisema ufunguo alikuwa nao Shaibu. Shaibu alijibu, "Dada, sijaligusa, naapa." Mwenyekiti alisema viapo vya Shaibu anavijua tangu pampu ya baiskeli ilipopotea. Shaibu alilia. Iliamuliwa arudishe ufunguo na asije tena. Mama alikusanya vipande kwenye pindo la kanga, akapiga fundo.

KUMB. NA. 5/2004: KUFUNGA
Watu walitawanyika saa 11:15 jioni bila kuagana.

Mwenyekiti: Teodosia (amesaini)

Katibu: Kabla sijasaini. Shaibu hana kosa, na hakunitaja. Mwalimu alipolazwa, nilimwomba Shaibu ufunguo, nikasema nafuata daftari. Nikatoa kifuniko, nikalianika kopo juani pamoja na korosho zetu, dawa ikauke upesi, Mwalimu aione kabla hajafa. Ilipasuka siku hiyohiyo. Nikalirudisha kopo. Hospitalini aliniuliza, "Imekuwaje, Faridi?" Nikamwambia, "Inang'aa, Mwalimu."

Faridi