Shoka Uani

Kabianga, Jumanne, 1957

Nisamehe, daftari langu. Tangu tumzike kaka yangu sijakuandikia neno.

Kesho baraza letu litapigia kura sheria ya kumkataza mtu yeyote kuzuia mvua ya mawe, awe Mzungu wa mashamba ya chai kwa baruti anazorusha mawinguni au mwenyeji kwa desturi zake, kwa maana mawe yakifukuzwa hapa huangukia shamba la jirani. Niliiandika mimi.

Leo wingu lilipotanda, mke wangu Tapkigen alitupa shoka uani, makali juu, ili mawe yapite mbali.

"Tapkigen, sheria ikipita utafungwa!"

"Na mahindi yakipondwa, mzee, tutakula sheria?"

Nilicheka. Alikuwa amelowa; nikamvika koti langu. Shoka sikuliondoa.

Sijui kama nitainua mkono kesho. Nikishaamua nitakuandikia, ila Tapkigen ndiye atakayejua kwanza.