Mabuti Mapya ya Suti Yako

Baba,

Shikamoo. Kila nikianza kukuandikia naiweka hiyo shikamoo halafu nasubiri marahaba, kana kwamba kuna mtu wa kuitikia. Hayuko. Basi naendelea.

Suti yako ilifika nyumbani kabla hatujajua tufanye nini na habari yenyewe. Ulikufa Kilwa asubuhi, ukizamia chini ya chombo cha watu, na jua halijazama walikuwa wameshakuosha na kukuzika, maana ndivyo inavyotakiwa na sisi tulikuwa mbali. Siwalaumu. Nawalaumu. Kilichokuja Bagamoyo ni kiroba kilichofungwa kamba, kimeshushwa kwenye basi, na ndani yake suti yako ya kuzamia, imekunjwakunjwa ikiwa bado na maji yake ya chumvi. Wewe uliyekuwa ukiisuuza kwa maji baridi, ukaianika kivulini, ukaipaka poda shingoni! Nguo nyingine Mama alizigawa kama ilivyo desturi. Kanzu kachukua ami Salum, mashati wamechukua majirani. Suti hakuna aliyeitaka. Nani avae mpira kuanzia shingoni hadi miguuni kwenye joto hili? Hata ulipokuwa hai watu walikucheka, mpaka walipoona maji unayoingia: tope la chini ya gati, mabomba ya mtoni, maji ambayo mbwa angeyakataa.

Nikaichukua mimi. Yule msimamizi wa kazi ya mtoni, aliyekuwa akikuita wewe, aliniambia waziwazi kwamba atanishusha mimi badala yako nikija na suti isiyoingiza maji. Bila suti nisimsumbue. Mimi ndiye niliyekuwa nikikushikia kamba juu, na chini umenipeleka mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo kazi naijua. Tatizo lilikuwa miguu. Wako ulikuwa mguu wa kujengea nyumba juu yake, wangu unapotea ndani ya buti lililogandishwa kwenye suti. Na uliniambia, hewa ikikusanyika kwenye buti lenye nafasi, miguu inapanda na wewe unabaki kichwa chini kama bata anayetafuta chakula. Uliniahidi kunibadilishia ukirudi kutoka Kilwa, suti iwe yangu nawe utafute nyingine. Mabuti mapya uliyanunua kabisa, namba yangu, yakakaa chini ya kitanda kukusubiri.

Basi nimeyabadilisha mwenyewe.

Siku ya kukata Mama alikuwa amekaa kwenye mlango wa uani, maana yuko edani na hatoki. Alipoona kisu akasema, "Zuhura, unamkata baba yako miguu?" Nilikata juu kidogo ya mshono wa zamani, kama ulivyokuwa ukifanya, na nililia juu ya lile buti la kulia mpaka nikajionea aibu. Ndani mlikuwa na alama za vidole vyako. Kidole gumba kilikuwa kimejichimbia shimo lake kabisa.

Mengine niliifuata sauti yako. "Paka nyembamba, ngoja, paka tena. Gundi haitaki mtu mwenye papara." Nikaingiza kopo la rangi kwenye mguu wa suti ili ukae duara, nikakwaruza kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, nikafuta kwa spiriti. Nikachora mstari wa chaki kutoka gotini ushuke hadi kwenye ncha ya buti, kwa sababu sijasahau yale ya Mzee Kombo, mzamiaji mwenzako. Ulimgandishia buti la kulia kwenye mguu wa kushoto, masikini, akaenda nalo mpaka ufukweni anatembea kama kaa, nawe ukashikilia kwamba suti haina kosa, ni yeye aliyezaliwa hivyo. Ulicheka mpaka Mama akakukataza. Mimi nami nikacheka pale uani peke yangu, gundi mikononi. Tangu uondoke sijacheka tena zaidi ya hapo.

Gundi ilipokauka sawasawa ikabaki kupima. Nikaziba mikono kwa chupa za soda, shingo nikaiziba kwa kopo la maziwa, nikaunganisha mpira wa mtungi wako wa hewa, nikafungulia hewa. Nilijua itavimba. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Lakini zamani wewe ulikuwa umesimama pembeni yake. Safari hii kifua kilijaa, mapaja yakajaa, mikono ikajiinua kutoka kwenye mkeka, na aliyelala pale uani alikuwa ni wewe, na mabega yako yale yale, umekosa kichwa tu.

Nilikuwa nimeshakoroga sabuni kwenye beseni, maana tundu lolote lingejionyesha kwa povu. Mama akainuka. Alikuja akanipokonya dodoki, akapiga magoti. Nilidhani anataka kunisaidia kutafuta matundu. Akaanza na mkono wa kulia. Akaupandisha mpaka kwenye kiwiko, akarudia, akarudia tena, akavuka upande wa kushoto, na hapo nikaelewa. Alikuwa anakuosha. Nilitaka kumwambia, Mama, hii ni suti. Badala yake nikamsogezea beseni. Alipofika kwenye bega la kushoto akaulegeza mkono, akapitisha dodoki polepole sana.

"Bega hili lilikuwa linamuuma," akasema. "Wale wa Kilwa walijua?"

Hawakujua, Baba. Nani angewaambia?

Na mimi wakati huo, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia povu, kwa sababu ile kazi nilikuwa bado naitaka. Kwenye mabuti hapakuwa na kitu. Hata kiputo kimoja. Ungejivuna, ungewaita majirani waje waone. Lakini nyuma ya mkono wa Mama povu lilikuwa linachemka mgongoni, linachemka kwapani, kwenye mapaja, kandokando ya zipu yote. Mpira umekufa. Chumvi ya kwenye kiroba imeumaliza, na hakuna gundi inayoziba kitu kinachovuja kila mahali. Kwa hiyo nimekukata miguu bure. Nilimpigia msimamizi kumweleza, akanipa pole, na siku chache baadaye nikasikia ameshampata mtu mwingine.

Mama alikaa na suti mpaka ikanywea. Kifua kikashuka, mikono ikalala, ikabaki ngozi tu juu ya mkeka na mabuti yangu mapya yamesimama mwishoni kama hayahusiki. Kesho yake baada ya swala ya adhuhuri akatandika mkeka mwenyewe, akaleta beseni, akasema, "Ijaze tena." Nikajaza. Siku ya pili yake pia. Sasa ndiyo kazi tuliyobaki nayo. Chakula anakigusagusa tu, wageni wanaokuja kumpa pole hazungumzi nao, lakini ukifika wakati wa suti anajifunga khanga vizuri na kuamka. Na kila siku inanywea mapema kuliko jana yake. Siku hizi upande wa kulia haumalizi, mkono unabaki na dodoki hewani. Nilimwambia eda ikiisha nitampeleka Kilwa akalione kaburi. Akasema, "Kule sina mtu."

Kuna jambo sijamwambia. Mtungi ninaoutumia ni ule uliojaza mwenyewe kabla ya kusafiri, ukauegemeza nyuma ya mlango na kusema ukirudi utaukuta. Hewa inayoingia kwenye suti ni hiyo uliyoiacha wewe. Ningeweza kwenda kuujaza mahali pengine, hewa ni hewa tu, na Mama asingejua. Sitaki. Sijui kama nakataa kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Leo nimeutazama mshale wa geji. Umelala chini kabisa.

Nikuahidi nini, Baba? Siwezi kukuahidi kwamba tutazoea, maana sioni dalili. Siwezi kukuahidi kazi yako itaendelea, imeshakwenda. Nakuahidi hili moja: sitaijaza suti yako hewa ya watu wengine, na Mama sitamdanganya. Kwaheri. Mungu akupumzishe, na lile bega alipumzishe pia.

Ameshatandika mkeka. Namsikia anamimina maji kwenye beseni. Nakwenda kumwambia hewa imekwisha.

Mwanao,
Zuhura